Ulimi wa Kuazima

Jumamosi ile, saa saba za mchana, dereva wa lori la barafu aliyekuwa akielekea Sur aliisukuma sahani yake ya mbaazi mpaka ukingoni mwa meza, akasema kwa sauti iliyofika jikoni, "Bibi! Nazi hii imeoza."

Mkahawani walikuwamo watu kumi na mmoja. Wote walisimamisha mikono. Tahira alitoka jikoni akijifuta unga viganjani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu upande wa pili wa barabara, na kwa miaka tisa tangu afungue mlango ule katika mji wa Al Kamil hakuna sahani iliyowahi kumrudia.

"Imeoza vipi? Nimeikuna mwenyewe asubuhi."

"Basi hujaionja."

Tahira alichukua kijiko kipya, akachota, akaonja mbele ya watu wote. Akatafuna. Akameza. Ilikuwa kama kutafuna pamba iliyoroweshwa. "Nimeionja," akasema. "Sioni kitu."

Dereva alimtazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu, kisha akapunguza sauti kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Basi bibi, una lako jambo. Mungu akusahilishie." Akaweka pesa ya chai mezani, akatoka.

Tahira hakukubali kushindwa. Aligeukia meza ya dirishani, alipokaa Mzee Khelef, mwalimu mstaafu aliyezaliwa Malindi ya Unguja na kuletwa Oman kijana, ambaye tangu mkewe afariki alikuwa akila hapo kila siku ila siku za kufunga. Sahani yake ya mbaazi ilikuwa nyeupe, imefutwa kwa mkate.

"Haya, Mzee Khelef. Wewe umekula yote. Waambie watu hawa, mbaazi zangu zilikuwa na nini?"

Mzee Khelef alikunywa maji. Ndipo Tahira alipoona chupa tatu tupu za maji mbele ya mzee.

"Nimekula, binti yangu. Alhamdulillahi."

"Zilikuwa zimeoza?"

Mzee aliinamisha uso. "Niliona haya kukurudishia."

Mtu kukukasirikia ni jambo moja. Mtu kumeza uoza ili akusitiri ni jambo jingine. Tahira alirudi jikoni, akaifunika sufuria ya mbaazi, akaibeba mwenyewe mpaka nyuma ya nyumba, akaimwaga yote mchangani. Mbuzi wa jirani alikuja, akanusa, akaondoka.

Mwezi wa Rajabu Tahira alikuwa ameshikwa na homa ya siku sita. Homa iliondoka na pua yake, na pua ikaondoka na ulimi. Daktari alimwambia ladha hurudi yenyewe. Wengine baada ya wiki, wengine mwaka, na wengine hairudi. Tahira alimshukuru, akakunja karatasi ya dawa, akanyamaza. Alipika kwa kipimo cha mkono na macho: chumvi kiasi hiki kiganjani, ukwaju mapande mangapi, vitunguu mpaka viwe rangi ya ganda la tende. Ramadhani ilimsitiri, maana nani angeonja mchana? Na hata baada ya Ramadhani watu waliendelea kula na kusifu. Akajiambia kwamba mkono wake unajua njia, hauhitaji tochi.

Mambo yalianza kwenda kombo wiki moja tu nyuma, alipoondoka Kudura. Kudura alikuwa mwanamke wa Kondoa, msaidizi wake wa miaka sita, aliyekwenda likizo kumuuguza mama yake. Sasa Tahira alikaa juu ya gunia la mchele, akaunganisha mambo mawili yale, akampigia simu.

"Shikamoo, Mama Rasha."

"Marahaba. Mamaako hajambo?"

"Anaendelea, tunamshukuru Mungu. Jana kala uji."

"Kudura, nakuuliza, unijibu kama Mungu anavyokuona. Ulikuwa ukifanya nini jikoni kwangu nisichokijua?"

Upande wa pili jogoo aliwika.

"Nisamehe, Mama Rasha. Ile siku vitunguu vimeungua, nawe umesimama juu yake unaniuliza habari za mvua za kwetu. Moshi unanitoa machozi, wewe unacheka tu. Nikajua. Tangu hapo, ukigeuka, naonja. Chumvi ikizidi natia viazi. Nazi mbovu nazitupa kabla hujazikuna."

"Na kwa nini hukun'ambia?"

"Ningeanzaje? Wewe ndiye uliyenifundisha tui." Kudura alikuwa akilia sasa. "Nikate tiketi nirudi?"

"Usithubutu. Mama ni mmoja. Kaa naye."

Alikata simu. Nje, mteja alikuwa akigonga meza kwa ufunguo, akidai chai. Tahira alikaa juu ya gunia mpaka ufunguo ule ukachoka.

Jumatatu Asaad alikuja na futi ya kupimia.

Asaad alikuwa mdogo wake Hood, na Hood ndiye mumewe Tahira. Alikuwa na maduka mawili ya shawarma na karaki, chai nzito ya maziwa, moja mjini Ibra na moja njia ya Sur, na kwa muda mrefu alikuwa akiutamani ukuta wa mkahawa ule unaotazama barabara, aufungulie duka la tatu. Aliingia wakati wateja watatu wakila, akavuta futi kutoka mlangoni mpaka dirishani, akamwambia mmoja wao, "Samahani, inua mguu kidogo."

"Asaad," Tahira aliita kutoka jikoni, "unapima sanda ya nani?"

"Shemeji, usiniudhi. Napima tu. Watu wanasema mkono wako umechoka. Utapumzika, mtapata kodi kila mwezi, na Hood atapata wa kumwendesha badala ya kuendesha." Akageuka. "Si ndivyo, kaka?"

Hood alikuwa amesimama mlangoni. Miaka ishirini na minane aliendesha gari la maji la baladia, yaani manispaa. Alikuwa mtu wa maneno machache na mabega ya kuinama. Aliangalia ndara zake.

Wateja watatu walisikiliza huku wakijifanya wanatafuna. Tahira alitoka na mwiko mkononi, akasimama juu ya ile futi.

"Ijumaa nina wageni thelathini kutoka Nizwa. Nimewakubalia kabla ya Ramadhani. Ikipita Ijumaa, pimeni mpendavyo, mpaka kaburi langu."

Wageni hao walikuwa wa Bwana Thani. Walikuwa wanakwenda Sur kwenye arusi, na njiani Thani alitaka mama yake mzazi, Bi Nahla, ale chakula cha kwao. Bi Nahla alikuwa na miaka themanini na tatu, alitoka Unguja mwaka sitini na nne akiwa msichana mwenye mimba changa. "Bi Tahira," Thani alimwambia kwenye simu, "mama hali. Dada yake, aliyekuwa akimpikia, alifariki mwaka jana. Kila nikimpeleka mahali anaonja tonge moja, anasema, 'Hiki chakula cha wapita njia.' Mimi nimekula kwako. Nakuamini wewe." Alitaka pilau, kuku wa kupaka, mchuzi wa nguru wa ukwaju, na mkate wa kumimina.

Kuahirisha ilikuwa rahisi. Ilihitaji kubonyeza simu na kusema neno moja, kuumwa. Tahira aliishika simu mara mbili siku ile, na mara mbili akaiweka.

Jumatano asubuhi alikuja Rasha, binti yao. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtumishi wa kituo cha wageni cha Ras al Jinz, anawaongoza watalii kutazama kasa. Kila wiki mbili hupata siku tatu za kupumzika. Alimbusu mama yake kichwani, akasema naye kwa Kiarabu maneno mawili matatu, akaingia jikoni kujitengenezea chai. Alipofungua jagi la maziwa alirudi nyuma.

"Mama! Maziwa hii khalas, imeharibika!"

Tahira alikuwa mezani na kikombe cha chai ya maziwa, cha pili, karibu na mwisho. Rasha alikitazama kikombe, akamtazama mama yake, akakichukua na kukinusa. Uso wake ukabadilika.

"Unakunywa hii? Mama, husikii harufu?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Tahira, la ukali, la kumfunga mtoto kinywa. Halikutoka. Kilichotoka ni machozi, na alikuwa mwanamke ambaye bintiye hajawahi kumwona akilia ila msibani.

"Tangu lini?" Sauti ilikuwa ya Hood, mlangoni.

"Rajabu. Kudura alijua, akanisitiri."

"Na huu mwezi gani?"

"Mfunguo Pili."

Hood alivuta kiti, akakaa taratibu kama mtu aliyeumia goti. "Miaka thelathini nalala ubavuni mwako. Kudura wa Kondoa anajua, mimi sijui?"

"Nilikuwa nakuogopa."

"Mimi?"

"Nilikuogopa utasema, basi funga. Mimi nikifunga hapa, Baba Rasha, nitakuwa nani? Mke wa Hood, mamaake Rasha, sawa. Lakini mtu anapotoka Ibra na njaa yake, akapita mikahawa yote mpaka kwangu, siku hiyo mimi ndiye Tahira."

Hood alitoa simu mfukoni. Akauliza, "Nimpigie Thani, nimwombe radhi?"

"Mimi naonja," Rasha akasema.

Walimgeukia wote wawili. Ni mtoto aliyeishi kwa tambi za kumwagia maji ya moto. Hakuwahi kukaanga yai lisishike chunguni. Tahira alihisi kicheko kinampanda, kicheko cha machozi, na Rasha alikiona kabla hakijatoka.

"Usinicheke," akasema, kwa Kiarabu. "Idi ulinicheka mbele ya watu. Usinicheke tena."

Siku ya Idi Rasha alikuwa amebeba sinia mezani kwa Mzee Khelef, akasema, "Chukua kitumbua mkubwa, babu." Tahira alicheka mpaka akashika ukuta, akalirudia neno lile meza kwa meza, kitumbua mkubwa, kitumbua mkubwa, na wateja wakacheka pamoja naye. Tangu siku hiyo Rasha alisema na mama yake kwa Kiarabu tu, Kiswahili kikimponyoka pale aliposhtuka. Tahira alidhani ni mambo ya vijana. Sasa aliona kwamba alimfunga mwanawe mdomo, na hakujua.

"Sikucheki," akasema. "Njoo ukae hapa."

Alhamisi asubuhi Tahira alipanga visahani kumi na viwili juu ya meza, akamketisha binti yake mbele yake. Ukwaju, ndimu, embe bichi, ndizi mbichi, siki, mtindi, nazi mpya, nazi ya wiki, vitunguu vya rangi tatu, na mchuzi usio na chumvi.

Rasha alionja ukwaju, akajibu kwa Kiarabu neno la kila kitu chenye ukali na uchachu. "Hamidh."

"Naam. Onja ndimu."

"Hamidh."

"Mtindi?"

"Hamidh, mama. Zote hamidh."

"Basi hapo ndipo penye shughuli. Mimi siwezi kupika kwa hamidh moja. Ndimu ni kali, inapiga mbele ya ulimi na kukimbia. Embe bichi lina ugwadu, linakukunja taya. Mtindi una uchachu, ukali uliolala. Ukwaju una ukali na utamu ndani yake, kama mgomvi mwenye roho nzuri. Rudia."

Rasha alirudia. Alionja tena, macho kafumba. Alitafuta neno, akalikosa, akatukana kwa Kiarabu, akalipata. Ndizi mbichi ilipomkausha mdomo alitoa ulimi nje akaukuna kwa kidole.

"Hii nini? Inashika!"

"Huo ukakasi."

"Ukakasi," Rasha akasema, na akapenda. "Neno yenyewe inashika."

Tahira alisikia kosa, akaliacha lipite. Alimpa mchuzi usio na chumvi. "Ukikosa kitu, ukawa kama maji yaliyopita karibu na nyama, huo ni dufu. Ukitimia, kila kitu kimekaa mahali pake na hakuna anayempigia mwenzake kelele, umekolea." Wakati akisema hayo aligundua kwamba hajawahi kumfundisha mtu maneno haya. Mama yake hakumfundisha. Aliyasikia tu, akiwa mdogo, katika jiko lililojaa wanawake. Jiko lake yeye lilikuwa na yeye, Kudura na redio.

Adhuhuri Hood alirudi kutoka soko la Sur na nguru wawili wenye macho maangavu na gunia la nazi. Alikaa kizingitini na panga. Kila nazi aliipasua, akatia pua ndani yake kabla ya kuiweka. Nane alizitupa.

"Hizo nane zimefanya nini?" Tahira aliuliza.

"Saba zimevunda."

"Na ya nane?"

"Sina hakika nayo." Akaokota nyingine, akainusa kwa makini ya mtu anayesoma barua. "Mimi kupika sijui, Mama Rasha. Lakini pua ninayo."

Jioni ile, simu ilipolia na jina la Asaad likatokea, Hood aliiacha ikalia mpaka ikanyamaza.

Ijumaa walianza baada ya sala ya alfajiri. Unga wa mchele wa mkate wa kumimina ulikuwa umelala na hamira na tui. Rasha aliufunua, akainama.

"Uchachu mdogo. Mzuri. Kama... kama mtoto amelala."

"Basi upesi, kabla hajaamka."

Kuku walirudi kutoka makaani wakapakwa tui zito. Bizari ya pilau ilikaangwa mpaka Rasha aliposema imeanza "kupiga pua." Kila chungu kilipita kwenye kijiko chake. Alikuwa na uso mzito wa mtu aliyebeba kitu cha watu. Mara mbili Tahira alinyoosha mkono kutia chumvi kwa mazoea, na mara mbili Rasha akamshika kifundo.

Ugomvi uliingia kwenye mchuzi wa nguru. Tahira alitia ukwaju kwa kipimo chake, mapande sita, yaliyorithiwa. Rasha alionja.

"Bado. Tia tena."

"Ni sita. Mchuzi huu ni sita tangu enzi za bibi yangu."

"Ukwaju wa bibi si hii. Hii ina utamu mwingi, ukali yake ndogo. Tia."

"Rasha, ukwaju ukizidi, samaki anaharibika, hakuna kurudi nyuma. Nguru wawili hawa ndio nilionao."

"Mama." Rasha alishusha kijiko. "Wewe husikii. Mimi nasikia. Mchuzi yako ni dufu."

Hakuna mtu aliyewahi kulitumia neno hilo kwa chakula cha Tahira. Hood, aliyekuwa akichambua mchele wa akiba, aliacha. Tahira alisimama juu ya chungu, mvuke ukimpiga uso bila kumwambia lolote. Macho yake yaliona rangi ile ile ya siku zote, na mkono wake ulikuwa na hakika ya miaka thelathini. Aliushusha mkono.

"Tia wewe," akasema.

Rasha alitia pande la saba, akakoroga, akaonja, akasubiri. Akatia nusu ya nane.

Wageni walifika baada ya sala ya Ijumaa, magari sita. Meza zilikuwa zimeunganishwa. Bi Nahla aliingia mwisho, ameshikwa mkono na Thani, mwanamke mdogo mkavu, kanga yake imefungwa chini ya baibui kwa mtindo ambao Tahira aliuona kwa bibi yake tu. Tahira alimpa shikamoo, akambusu mkono.

"Marahaba. Wewe ndiye mpishi? Mnene, vyema. Mpishi mwembamba ana siri."

Alikaa. Wajukuu walijaza meza, wakipiga picha za sahani. Bi Nahla hakuguswa na kelele zao. Alimega mkate wa kumimina, akautazama vitundu vyake, akautia mdomoni. Akatafuna muda mrefu. Akaonja pilau. Akaonja kuku. Uso wake haukusema kitu. Mzee Khelef alikuwa mezani kwake dirishani, kijiko kimesimama hewani; hakuwa amealikwa, lakini nani angemtoa?

Kisha Bi Nahla alichota mchuzi wa nguru, akaunywa, na akaweka kijiko chini.

"Mchuzi huu," akasema, "si wa kwetu Vuga ya Unguja. Kwetu ukwaju haufiki hapa. Nani katia mkono?"

Asaad alikuwa ameingia muda ule, amesimama karibu na mlango. Hood alimwona. Tahira alimwona pia. Angeweza kusema ukwaju wa mwaka huu, bibi, tusamehe. Angeweza kusema ni mimi. Alijua kwamba akisema lolote kati ya hayo, angelisema tena kesho, na kesho kutwa, na kila siku mpaka mwisho.

"Bibi, mimi tangu Rajabu sina pua wala ulimi. Homa ilinichukulia. Chumvi na sukari kwangu ni mchanga mmoja. Chakula hiki nimekipika mimi kwa mikono yangu, lakini aliyekionja, kila chungu, ni binti yangu. Na huo ukwaju alinikatalia mimi mwenyewe, akautia yeye."

Watu walitazamana. Kijana mmoja alisukuma sahani yake kidogo, Thani akamkazia macho.

"Mwite," Bi Nahla akasema.

Rasha alitoka nyuma ya pazia, mashavu mekundu kwa moto, kijiko mkononi. "Shikamoo bibi. Mimi nilionja. Chakula hii kama mbaya, ni yangu. Si ya mama."

Mezani mwa wajukuu kilipasuka kicheko. "Chakula hii!" msichana mmoja akarudia, kwa sauti ya kuigiza, na wengine wakaziba midomo. Tahira alikitambua kicheko kile. Kilikuwa chake, cha siku ya Idi, kimekuja kukaa mkahawani mwake kimevaa nguo za watu wengine. Alipiga hatua mbele, lakini Bi Nahla alikuwa ameshainua kidole.

"Wewe unayecheka. Onja mchuzi, un'ambie una nini. Kwa lugha ya bibi yako."

Msichana alionja. "Ni... mtamu, bibi."

"Utamu wa sukari?"

"Hapana. Yaani... mzuri."

"Nani mwingine?" Wengine waligundua kwamba simu zao zina kazi. Bi Nahla alimgeukia Rasha. "Na wewe?"

Rasha alimtazama mama yake. Kisha akasema polepole, akichagua kama mtu anayevuka kijito kwa mawe. "Ukwaju ilikuwa na utamu mwingi. Ukitia kidogo, mchuzi dufu. Nikatia, ikaja ukali, lakini bado tui iko juu. Nikatia nusu tena. Hapo ikakolea. Ikizidi hapo, ukakasi."

Bi Nahla alichukua tena kijiko, akaonja, safari hii kama mtu anayekagua hesabu. Akaonja mara ya tatu.

"Kwetu ukwaju haufiki hapa," akarudia. "Kwetu tulikosea." Akavuta bakuli zima la mchuzi mbele yake, akalizungushia mkono, na akala.

Alikula vipande vitatu vya nguru na mkate mmoja mzima. Thani alisimama nyuma ya kiti chake, kajisahau, sahani yake ikipoa mkononi. Alipotoka nje kuosha uso alikaa huko muda mrefu kuliko uso unavyohitaji. Sahani zilizorudi jikoni siku hiyo hazikuwa na kitu ila mifupa na hiliki. Mzee Khelef alikula pilau mbili na hakuomba maji.

Magari yalipoondoka, Asaad alibaki mlangoni. "Kaka, ile habari yetu..."

"Umekula?" Hood alimuuliza.

"Bado."

"Basi kaa ule. Na ukishakula, ule ukuta ni wa mke wangu. Ukitaka kuupima, unamwomba yeye." Yalikuwa maneno mengi kwa Hood. Alikwenda mwenyewe kumpakulia mdogo wake, na Asaad, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikaa akala, akasema chini chini kwamba kuku huyu angeuzika Ibra pia.

Baada ya Alasiri palikuwa na utulivu. Rasha alikuwa arudi Ras al Jinz kesho yake. Waliafikiana kwamba siku zake za mapumziko atakuja jikoni, na siku nyingine, mpaka Kudura arudi, Mzee Khelef ataonja kabla ya kula, na kwamba safari hii atasema kweli. Mzee aliapa kwa mkono kifuani. Hood alikata karatasi, akaandika kwa Kiarabu na kwa Kiswahili kwamba mpishi wa hapa haonji, na mwonjaji wake ni nani leo. Tahira alisoma, akasahihisha herufi moja, akaibandika mwenyewe ukutani palipo wazi, juu ya kikapu cha mikate, kila aingiaye aione.

Kisha alikaa. Tangu Rajabu alikuwa akila kwa kusimama, vijiko vitatu vinne, kama mtu anywaye dawa. Rasha aliweka sahani mbele yake: pilau, kuku, mchuzi wa nguru pembeni.

"Haya," Tahira akasema, "n'ambie nakula nini."

Alitia tonge mdomoni. Rasha, viwiko mezani, akaonja kutoka sahani hiyo hiyo, akaanza kumwambia: mdalasini uko mbali, nyuma kabisa, pilipili manga inakuja baada ya kumeza, kuku ana moshi, lakini moshi mzuri, si ya kuungua. Aliposhindwa aliuliza, na Tahira akampa neno, naye akaliweka mahali pake akaendelea. Hood alisikiliza akiwa amefumba macho. Tahira alikula tonge baada ya tonge, akifuata sauti ya mwanawe kuizunguka sahani, mpaka sahani ikabaki nyeupe. Ladha hakuisikia hata chembe. Lakini alishiba.